Holdemu ya limiti: jozi kubwa, Asi-Mfalme, jozi za kati au karata za kufuatana?

Kwenye mashindano madogo ya poka yanayochezwa Jumamosi jioni katika barza za Lubumbashi, swali linalorudi ni moja. Karata mbili zimefika mkononi na zinapendeza. Je, ni za kupandisha dau, za kufuata tu (kulipa dau la mwingine), au za kulaza (kuziacha) mapema? Aliyejifunza mtandaoni hujibu haraka, na mara nyingi hukosea, kwa sababu mafunzo mengi ya huko ni ya mchezo usio na limiti. Chris Moneymaker alipochukua ubingwa wa World Series of Poker mwaka 2003, televisheni na intaneti ziliusambaza mchezo huo ambao mtu anaweza kusukuma jetoni zake zote (vibao vya kuhesabia madau) katikati wakati wowote. Kabla ya hapo, limiti ndiyo iliyotawala katika vyumba vingi vya poka Marekani. Kwenye meza ninazozijua hapa bado inapendwa, na sababu inaeleweka: mtu aliyefunga safari kutoka Kipushi hatolewi kwa mgao mmoja kabla hajamaliza chupa yake ya kwanza.

Kwa asiyezoea, tuchukue limiti ya 200/400. Blindi, yaani madau ya lazima ya kuanzia mgao, ni mbili: ndogo ni 100, kubwa ni 200. Kabla ya flopu, na kwenye flopu yenyewe (zile karata tatu za kwanza za mezani), kila dau na kila pandisho ni 200 (dau dogo). Karata ya nne na ya tano zikija, ni 400 (dau kubwa). Kwa kawaida raundi moja hupokea dau moja na mapandisho matatu, halafu dari imefika. Humwogopeshi mtu kwa rundo lako. Anayetaka kukufuata anaijua bei kabla hujafungua mdomo.

Vigezo

Nitazipima familia nne za karata kwa vigezo vinne. Cha kwanza ni idadi ya watu watakaoona flopu pamoja nawe. Cha pili ni kiti: anayeongea mwisho, aliye kwenye butoni, ameshasikia wote, lakini aliye karibu na blindi anaongea gizani. Cha nne ni kile unachoweza kufanya baada ya flopu.

Cha tatu nimekiweka pembeni makusudi, kwa kuwa ndicho kinachosahaulika: jetoni zilizobaki, zikihesabiwa kwa madau makubwa. Chukua ile 200/400. Umepandisha kabla ya flopu, 400. Umeweka dau kwenye flopu, 200. Ukaweka moja kwenye karata ya nne na moja kwenye ya tano, 400 na 400. Jumla 1,400, yaani madau makubwa matatu na nusu, na hapo hakuna aliyekupandishia. Huo ndio mgao wa kawaida uliofika mwisho. Sasa, ukianza na jetoni 4,000 kwenye limiti 50/100, una madau makubwa 40. Ngazi (kiwango cha limiti) ikipanda maradufu kila dakika 20, nawe hujashinda wala kupoteza kitu, unabaki na 20, kisha 10, kisha 5. Saa moja imepita na mkononi una mgao mmoja na chenji. Waandaaji wa hapa hupandisha ngazi haraka kwa kujua wanachofanya, maana umeme unaweza kukatika, na usiku ukiingia sana kupata teksi ya kurudi Katuba au Ruashi ni kazi. Kwa hiyo kile kipindi cha kuwa na jetoni nyingi, ambacho vitabu hukizungumzia kwa kurasa na kurasa, kwetu ni kifupi.

Jozi kubwa: Asi mbili, Wafalme wawili, Malkia wawili

Asi mbili huja kwa wastani mara moja katika migao 221, na zikija karibu kila mtu hujua kwamba ni nzuri. Kinachowachanganya watu ni idadi ya wapinzani. Dhidi ya mmoja mwenye karata zozote, Asi mbili hushinda mara 85 katika 100. Dhidi ya wanne, kama 56. Dhidi ya watano zinashuka kidogo chini ya nusu, na dhidi ya tisa ni kama 31. Ndiyo maana kwenye meza ambayo watu sita wanaona flopu kila mgao utasikia manung'uniko kwamba “Asi zinasaliti”. Hazijasaliti. Umeweka sehemu moja ya sita ya kitita (madau yote yaliyo katikati) na unakichukua karibu mara moja katika kila mbili. Hiyo ni biashara nzuri. Ila kwenye mashindano ile nusu nyingine inauma zaidi, kwa kuwa jetoni ulizopoteza hununui tena.

Kiti hakina uzito hapa. Pandisha popote ulipo, na akipandisha mwingine, pandisha tena. Kuficha Asi kwa kufuata tu ni ujanja ulioletwa kutoka mchezo usio na limiti, na kwenye limiti hauna faida: unawaingiza wawili watatu kwa bei nafuu, halafu huna dau kubwa la kuwanasa baadaye. Kwa upande wa jetoni, familia hii inacheza sawa ukiwa na madau 40 au 4.

Baada ya flopu ndipo penye kazi. Tuseme watu sita wameona flopu kwa bei ya pandisho moja. Katikati kuna madau madogo 12. Ukiweka dau lako, anayefuata analipa moja kuwania 13. Anayesubiri rangi (karata tano za rangi moja) ana karata tisa za kumkamilishia kati ya 47 asizoziona, hivyo anahitaji kama nne na kidogo kwa moja tu. Anafuata akicheka, na yuko sahihi. Hata anayesubiri karata moja ya katikati ya mfuatano (karata tano zinazofuatana), mwenye nne tu za kumfaa, anahitaji karibu 11 kwa moja, naye pia amelipwa. Dau lako halikumfukuza yeyote. Lakini mtu wa kuliani kwako akiweka dau na wewe ukapandisha, wanaokufuata wanatakiwa kulipa mawili kwa mpigo kuwania 15, sawa na saba na nusu kwa moja. Wa rangi bado anabaki. Wa katikati ya mfuatano sasa anakosea akifuata, na mwenye jozi ya karata ya pili kwa ukubwa mezani, anayehitaji kama nane na nusu kwa moja, vilevile. Hiyo ndiyo njia kuu ya kujilinda kwenye limiti, na inategemea nani anaweka dau na yuko upande gani wako.

Malkia wawili wana tatizo lao: flopu huleta Asi au Mfalme mara 41 katika 100. Kwa Wafalme, Asi hutokea kama mara 23. Mbele ya watu watano, Asi ikianguka na wawili wakaanza kupandishiana, Malkia wako wamemaliza kazi.

Familia hii inamfaa mchezaji wa aina yoyote, kwa sharti kwamba anaweza kulaza karata alizozisubiri jioni nzima.

Asi na Mfalme

Asi-Mfalme huja mara nyingi kuliko Asi mbili, kama mara moja katika migao 83, na ndiyo inayozua ubishi mwingi zaidi. Wengine huicheza kana kwamba ni jozi tayari. Wengine huiogopa kwa kuwa “haina kitu”. Wote wana sehemu ya haki.

Kuhusu watu, inapenda wachache. Dhidi ya mmoja au wawili, ikipata Asi au Mfalme kwenye flopu ina jozi ya juu na karata ya pembeni isiyopitwa, na wenye Asi-9 au Mfalme-10 watakulipa hadi mwisho. Ila flopu huipa Asi au Mfalme kama mara moja tu katika tatu. Mara mbili zilizobaki una karata mbili kubwa na matumaini. Zikiwa za rangi moja, inastahimili umati vizuri zaidi, lakini si kwa tofauti inayodhaniwa na wengi: dhidi ya Malkia wawili, kwa mfano, inapanda kutoka kama 43 hadi 46 katika 100.

Kiti kina uzito wa kati. Mwanzoni pandisha kutoka popote. Ukiwa na jetoni nyingi na meza imeshapandishiana mara mbili kabla ya zamu yako, kufuata kunatosha. Ukibaki na madau matano au sita, hali inageuka: hapo Asi-Mfalme ni ya kupandisha na kupandisha tena, kwa kuwa jetoni zako zitaingia zote bila wewe kulazimika kuamua lolote kwenye karata ya nne na ya tano, ambako karata hii huumiza.

Flopu ikikosa, tazama ni wangapi wamebaki. Akiwa mmoja na akapita (yaani hakuweka dau), weka dau. Mara nyingi naye amekosa. Wakiwa wanne na mezani kuna 9, 8 na 7, pita na ulaze bila majuto. Katikati ya hizo mbili kuna eneo la kijivu. Una karata sita za kukupa jozi, unahitaji karibu saba kwa moja, na kitita kikubwa kinaweza kukulipa zaidi ya hapo. Hesabu hiyo hudanganya kidogo, kwa sababu Asi unayoisubiri huweza kumpa mwenzako jozi mbili au kumkamilishia mfuatano. Mimi hulipa dau moja dogo kwenye flopu endapo hakuna anayeweza kupandisha nyuma yangu. Dau kubwa kwenye karata ya nne, hapana.

Inamfaa mtu mwenye subira ya kukosa mara mbili katika tatu bila kukasirika. Kwa mwenye kiburi cha kufuata mpaka mwisho “kwa sababu nina Asi”, ndiyo karata ghali kuliko zote.

Jozi za kati: kutoka Vale (J) wawili hadi 7 mbili

Hizi ni ngumu kwa sababu zina sura mbili. Dhidi ya mtu mmoja, jozi ya 9 mara nyingi iko mbele tayari na haihitaji msaada. Dhidi ya watano, karibu lazima upate ya tatu, na hiyo hutokea kwenye flopu mara moja katika nane na nusu hivi. Ikitokea umati huo utakulipa vizuri. Mahali pabaya ni katikati, watu wawili au watatu: wengi mno kwa jozi tupu, wachache mno kulipia ile ya tatu. Vale wawili wenyewe huona karata iliyo kubwa kuliko wao kwenye flopu mara 57 katika 100, na jozi ya 10 karibu 70.

Kwa hiyo kiti kinaamua mengi. Kwenye butoni, watu wanne wakiwa wamefuata tu, ingia na 8 mbili kwa bei ya dau moja. Wote wakiwa wamelaza mpaka kwako, pandisha. Akipandisha mtu anayejulikana kupandisha na karata nyingi, pandisha tena ili ubaki naye peke yake. Kufuata pandisho ukiwa katikati ya meza, huku watano bado hawajaongea, ndiyo njia ya kujipeleka pale pabaya.

Jetoni zikiwa chache, jozi za kati hupanda thamani ghafla. Ukiwa na madau manne na 8 mbili, huna haja ya kusubiri kingine. Jozi ndogo chini ya 7 zifuate kanuni ya umati: watu wengi, dau moja, na flopu isipoleta ya tatu, kwaheri.

Zinamfaa anayewajua majirani zake wa mezani. Kwa anayekaa na wageni, nyingi ya faida yake inapotea.

Karata za kufuatana za rangi moja: 9-8, Vale-10 na ndugu zao

Hapa ndipo meza ya Lubumbashi inapojaribu watu. “Yaya, fuata, njo dau moja tu!” Na ni kweli ni dau moja, mpaka la pili liingie.

Zinahitaji watu wengi, kiti cha nyuma na jetoni za kutosha, vyote vitatu kwa pamoja. Rangi kamili kwenye flopu huja chini ya mara moja katika 100. Nafasi ya kusubiri rangi huja kama mara 11, na ukiifuata mpaka karata ya tano hukamilika mara 35 katika 100. Wakiwepo watano wa kulipa, hesabu inakubali. Akiwepo mmoja, haikubali. Baada ya flopu ni rahisi kuzicheza kuliko Asi-Mfalme, kwa kuwa unajua unachosubiri. Hatari pekee ni ukishika jozi dogo la mezani na kuanza kulipenda.

Kigezo cha jetoni ndicho kinachozikata. Ukiwa na madau makubwa 30, kupoteza madau madogo mawili kwenye flopu iliyokosa si kitu. Ukiwa na 8, hayo mawili ni sehemu ya nane ya maisha yako yote mezani. Kwa ratiba ya dakika 20, umri wa karata hizi unakaribia kuisha ngazi ya pili ikimalizika.

Zinamfaa mwenye rundo kubwa na nidhamu, na meza ambayo haipandishi sana.

Kulingana na hali yako

Ngazi mbili za kwanza, meza imejaa na watu wanafuata ovyo: karata za kufuatana na jozi ndogo zina nafasi yake kutoka kiti cha nyuma, Asi-Mfalme ipandishe lakini usiifukuzie, na jozi kubwa zipandishe mpaka dari.

Meza ikiwa ya watu wabishi, kila mgao una mapandisho mawili kabla ya flopu, geuza mpangilio. Karata za kufuatana zilaze zote. Jozi za kati zicheze tu pale unapoweza kubaki na mmoja. Jozi kubwa na Asi-Mfalme ndizo chakula chako, hata ikibidi ukae kimya kwa muda mrefu.

Wakibaki watatu na zawadi ni mbili, jali zaidi nani anaanza kuliko karata yenyewe. Kuwa wa kwanza kupandisha na Asi-10 au 7 mbili ni bora kuliko kumfuata mwingine na Asi-Malkia. Lakini usidhani blindi zitakimbia kama kwenye mchezo usio na limiti. Kwenye 200/400 unaweka 400 kuwania 300, kwa hiyo ukitegemea kuiba tu unahitaji walaze zaidi ya mara 57 katika 100. Mwenye blindi kubwa anaongeza 200 kuwania 700, na kwa bei hiyo ana haki ya kukufuata na karata nyingi. Ukiwa wewe ndiye uliye kwenye blindi, kumbuka hesabu hiyo hiyo: karata mbili za kawaida za rangi moja zinaweza kulipa 200, mradi pandisho limetoka kwenye butoni.

Ukibaki na chini ya madau manne, chagua mgao mmoja na uuendee mpaka mwisho. Jozi yoyote kuanzia ya kati, Asi yenye mwenza mzuri, Mfalme-Malkia. Usigawanye jetoni hizo kwenye flopu tatu tofauti.

Wakibaki wawili, yote hapo juu hupungua uzito. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha katika jarida la Science mwaka 2015 programu yao Cepheus, iliyoutatua karibu kabisa mchezo wa limiti wa watu wawili. Ilicheza kwa hesabu ya fedha za kawaida, bila ngazi wala zawadi za mashindano, kwa hiyo usiichukue kwa kila kitu. Mawili yanatufaa. Mgawaji, yaani aliye kwenye butoni, ndiye mwenye faida. Na mgawaji huyo, akianza, karibu kamwe haingii kwa kufuata tu: ama anapandisha, ama analaza. Kwa hiyo zamu yako ya kugawa ikifika, jozi yoyote, Asi yoyote, karata nyingi zenye Mfalme na hata ile 9-8 uliyoilaza jioni nzima, pandisha.